Kaka ataka nibebe sarafu za marehemu baba ndani ya kopo la halua

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mombasa. Mwezi ujao nina safari ya Uingereza kwenda kwenye harusi ya binti wa kaka yangu mkubwa, ambaye amekaa Leicester miaka mingi. Viza nimepata, nguo zimeshonwa, tiketi amelipa yeye kaka. Kinachonikosesha usingizi ni kopo.

Baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa karani bandarini Kilindini. Wenzake jioni walicheza bao, yeye alikusanya sarafu. Alizipata kwa mabaharia, kwa wachuuzi wa Marikiti, kwa vibibi waliokuwa wakiuza vipuli vyao wakati wa shida. Zote zimo ndani ya kopo la biskuti, kila moja imefungwa kwa karatasi. Kuna pesa za shaba za Sayyid Barghash, zile zenye mizani upande mmoja. Kuna rupia za ile kampuni ya Waingereza, za mwaka 1888. Kuna shilingi za simba za enzi ya ukoloni, na senti kumi zenye tundu katikati. Kuna reale kumi na moja za fedha, zenye sura ya yule mama mnene mwenye mtandio. Na kuna moja ya dhahabu ya Wajerumani, yenye tembo, imeandikwa 1916. Baba alikuwa akituonyesha hiyo kwa dakika moja tu kisha anairudisha. Lipo pia daftari lake, ameandika kila sarafu aliipata lini na kwa nani.

Baba ametimiza mwaka wa pili tangu atutoke. Kopo liko kwa mama, chini ya kitanda. Kila Idi mama huzitoa reale akazisugua kwa limau na jivu mpaka zing'ae. Nilipomsimulia kaka, alipiga kelele kwenye simu kama mtu aliyeunguzwa, akasema tunaharibu mali. Sasa anataka nizibebe zote. Ameambiwa na mjuzi wa huko kwamba ile ya tembo peke yake inaweza kuleta maelfu ya paundi, na kwamba huku kwetu hatuna wa kununua kwa bei ya haki. Reale moja ina tundu la kutoboa, hiyo amesema niiache, haina thamani.

Maneno yake ni haya: "Usimwambie mtu. Nunua halua kopo kubwa, zitie chini, ujazie halua juu, funga. Askari akiona halua hana la kuuliza." Mume wangu yeye anasema nizitie kwenye sanduku kubwa, ndani ya viatu. Mdogo wetu wa mwisho anasema mali ya baba isitoke Mombasa. Mama hasemi kitu.

Bi Mshauri, mimi ni mwoga na nina sababu. Miaka mitatu nyuma nilikwenda Umra na bangili sita za dhahabu, za mama mkwe, alizoniazima. Katika uwanja mmoja wa ndege, ambao sitautaja, niliambiwa nizivue nizitie kwenye trei. Trei ikaingia mashinani, mimi nikarudishwa mlangoni mara mbili kwa sababu ya pini za mtandio. Nilipofika upande wa pili bangili zilikuwa tano. Foleni nyuma inanung'unika, kila askari ananielekeza kwa mwenzake, ndege inaita. Niliondoka nalia. Mama mkwe alinisamehe kwa mdomo.

Safari hii napitia Nairobi, kisha nabadilisha ndege Ghuba. Nizibebe mkononi au nizitie sandukuni? Wakinifungulia mbele ya watu nifanye nini? Na nikikataa, kaka si atasema simwamini, na tiketi ni yake?

Mwenye kopo, Mombasa

JIBU

Marahaba mwanangu. Mungu amlaze baba pema.

Nianze na bangili, kwa sababu nadhani safari yako ya Leicester bado inasimamia hapo, kwenye ile trei. Ulitendewa jambo baya, ukaachwa peke yako nalo, na hukuwa mzembe. Mtu aliyepoteza mali ya kuazimwa mbele ya foleni inayonung'unika hawezi kuambiwa "usiogope" akaacha kuogopa. Hofu hiyo ina kazi yake, na nitaitumia.

Unayoniuliza, kama nimekusoma sawasawa, ni namna ya kulipitisha kopo. Mkononi au sandukuni, wazi au kwa kificho. Lakini barua yako ina swali jingine ambalo hukuliandika, nalo linanisumbua zaidi. Nitalifikia. Kwanza tumalizane na halua.

Mashine ile ya eksirei haisomi lebo ya kopo. Inaonyesha vitu kwa rangi kulingana na uzito wake wa ndani. Chakula, nguo na karatasi hutokea rangi ya machungwa, na chuma huelekea buluu. Fedha na dhahabu iliyobanana hutokea nyeusi tii, maana miale haipenyi. Sasa mfikirie huyo kijana anayetazama skrini: kopo la rangi ya machungwa, na chini yake duara jeusi lisiloonekana ndani. Hataona halua. Ataona kitu kimefichwa ndani ya chakula, na hapo ndipo foleni nzima itakaposimama. Tena halua yenyewe ni laini, na viwanja vingi bado huihesabu pamoja na vimiminika, ambavyo tangu 2006 vimewekewa kikomo cha mililita 100. Unaweza kunyang'anywa kopo kwa ajili ya halua, kabla hata sarafu hazijajulikana. Kaka yako hana nia mbaya, ila ushauri huu aliutoa akiwa amekaa kwenye kochi lake.

Ya mumeo, ya viatuni, ina tatizo lake. Sanduku likishaingia tumboni mwa ndege, unalindwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, mkataba wa kimataifa juu ya safari za ndege, na mkataba huo una dari ya fidia. Tangu mwisho wa 2024 dari hiyo ni vizio 1,519 vya fedha ya IMF, yaani Shirika la Fedha la Kimataifa, kama dola elfu mbili za Kimarekani hivi, kwa abiria mmoja na mizigo yake yote iliyopimwa. Kuna njia ya kutangaza thamani kubwa zaidi na kulipia, lakini soma masharti ya tiketi yako: mara nyingi mashirika huandika wazi kwamba vito, fedha na vitu vya thamani visitiwe kwenye mzigo huo. Ile ya tembo peke yake, kama bei aliyoambiwa kaka ni ya kweli, inaimaliza dari hiyo.

Inabaki mkononi, na mkononi ndiko ulikoumia. Ningekuwa mimi, nisingezipanga kwa mrundo. Sarafu zikirundikwa huwa doa moja jeusi. Zikitandazwa kwenye kurasa za plastiki zenye vijumba, zile wanazotumia wakusanyaji, kila moja huonekana duara lake na askari anaelewa mara moja. Bangili, pini za chuma na saa vibaki nyumbani siku hiyo, ili usirudishwe mlangoni. Trei yenye mali iwe ya mwisho kuingia mashinani, na usiiachilie mpaka njia ya mlango iko wazi mbele yako. Kabla ya hapo mwambie askari kwa sauti ya kawaida: "Nina sarafu za urithi, mkitaka kuzifungua naomba chumba cha pembeni na mwanamke mwenzangu." Ombi hilo limezoeleka. Wakifungua, we ndiye ushike, wao watazame. Na hesabu mapito yako: Mombasa, Nairobi, kisha Ghuba. Ni trei ngapi hizo? Mtu aliyeumizwa na trei moja anazipita zote akiwa peke yake?

Usizifunge mwilini chini ya buibui, kama wako watakaokushauri. Mlango utalia na utapekuliwa palepale unapopaogopa.

Sasa lile swali. Askari wa trei anatafuta kisu na bomu, hana haja na urithi wa baba yako. Wa forodha, ndiye atakayekuuliza kwa upole kabisa, "Hizi ni za nani?" Utamjibu nini? Ukisema ni zangu, si kweli. Ukisema ni za kaka, nazo si kweli, au si kweli bado. Nimeipekua barua yako, sikuona mahali palipoandikwa kwamba mirathi imegawanywa. Mama ana thumuni yake. Wewe una fungu lako, dogo kuliko la kaka zako lakini ni lako. Mdogo wenu ana lake, na ameshasema hataki zitoke. Kopo mnalolizungumza kama mzigo bado ni mali ya watu wanne.

Hili si la dini na moyo tu, lina uzito wa karatasi. Kuingia Uingereza kwa ndege, bidhaa unazoruhusiwa bila kutangaza hazizidi paundi 390, tena ziwe zako mwenyewe au zawadi. Sarafu za kwenda kuuzwa kwa niaba ya kaka hazimo humo. Kuna nafuu ya kodi kwa mali ya urithi inayomwendea mkazi wa kule, lakini huombwa kwa maandishi na ushahidi wa mirathi, na kaka ndiye wa kuiomba, kabla hujapanda ndege. Usipotangaza wakazikuta, wanaweza kuzichukua. Hapo nduguzo watamwuliza nani?

Na kuna sheria ya hapa nyumbani. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na kukitoa nchini kunataka kibali. Litazame kopo kwa jicho hilo. Pesa za Barghash zina tarehe 1299 ya Hijria, yaani 1882 hivi. Rupia za kampuni ni 1888. Hizo zaweza kuwa ndani ya mstari. Ile ya tembo iko nje: Wajerumani waliipiga Tabora mwaka 1916 wakiwa wamezingirwa vitani, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, katika karakana ya reli. Shilingi za simba nazo ni za baadaye. Kwa hiyo ile anayoitaka kaka zaidi ndiyo sheria hii isiyoigusa, na zile ambazo hata hakuzitaja ndizo zenye mashaka. Nenda makumbusho ya Fort Jesus na picha na daftari, uulize. Kuuliza hakuzuii kitu.

Reale ndizo zinazonichekesha. Yule mama mwenye mtandio ni Maria Theresa wa Austria. Alifariki 1780, na sarafu yake ikapendwa mno, Uhabeshi, Yemen na pwani yote hii, hata haikubadilishwa tena tarehe. Zilizopigwa Vienna baada ya kifo chake zina 1780. Zilizopigwa Rome, London na Bombay katika miaka ya 1930 na 1940 nazo zina 1780. Yaani reale ya baba yaweza kuwa ilivaliwa na bibi wa zama za Seyyid Said, na yaweza kuwa rika moja na baba mwenyewe, na askari akiisoma hatajua. Anayejua ni daftari. Lile daftari, mwanangu, kaka hakulitaja hata mara moja, nalo ndilo linalofanya kopo la chuma liwe mkusanyo. Lipige picha kurasa zote leo usiku. Na popote sarafu zitakapokwenda, lisisafiri ndani ya mfuko mmoja nazo.

Njia ziko zaidi ya mbili ulizopewa. Unaweza kwenda na picha tu: kila sarafu pande zote mbili, uzito wake kwa mizani ya sonara, na ukurasa wake wa daftari. Kwa picha hizo kaka atapata makadirio ya kweli badala ya ya kusikia, na ninyi wanne mtajua mnagawana nini. Hatari yake ni kwamba atasema umekwenda mikono mitupu, na huenda akakasirika mbele ya wageni wa harusi. Unaweza kubeba ile ya tembo peke yake, kwa barua ya nyinyi wote wanne. Ni nyepesi, haifiki gramu nane, na njia yake kisheria ni safi zaidi. Lakini ukitoa jicho la mkusanyo, yanayobaki yatakuwa nini, na mdogo wako atasema nini? Mnaweza kuzibeba zote, kwa kibali na bima, ila sioni jinsi mtakavyokamilisha hayo kabla ya mwezi ujao bila kukimbizana. Kuna kampuni zinazosafirisha mali ya thamani kwa bima, ghali; posta ya kawaida ina masharti makali juu ya sarafu. Au kaka aje. Aje akae na mama, afungue kopo kwa mkono wake, abebe yeye na aulizwe yeye. Sijui kama ana nafasi, lakini naona hakuna aliyemwuliza.

Kwa limau na jivu, hapo kaka ana haki. Wakusanyaji hawapendi sarafu iliyosuguliwa, bei huanguka. Lakini tafadhali asimpigie mama kelele tena. Mjane anayezitoa sarafu za mumewe siku ya Idi akaziosha hafanyi kazi ya usafi.

Na tiketi. Umeniandikia mara mbili kwamba amelipa yeye, kama kwamba tiketi ni deni na kopo ndiyo malipo. Je, yeye amesema hivyo, au ni wewe uliyejisemea? Mtu hulipia dada yake tiketi ili aje amcheze binti yake ngoma. Inawezekana nakosea, wewe unamjua. Lakini unaweza kumpigia ukamwambia yale uliyoniambia mimi: habari ya bangili ile ya sita, yote, mpaka ulivyolia. Nahisi hajawahi kuisikia. Kumwambia "naogopa kwa sababu hii" si sawa na kumwambia "sikuamini", na hata akinuna siku mbili, mtakuwa mmeanza kuongea juu ya jambo lenyewe. Atakapouliza basi zifike vipi, mwambie ndilo la kukaa wanne, hata kwa simu.

Wanne, nasema, kwa sababu katika barua yako mama yumo chini ya mstari kila mahali. Kopo liko chini ya kitanda chake, jivu ni lake, na umeandika "mama hasemi kitu" halafu ukaendelea. Alikataa kusema, au hakuulizwa? Mwanamke aliyetunza kopo miaka miwili ana la kusema.

Tena ile reale iliyotobolewa. Kwa mnunuzi wa Uingereza kaka amesema kweli, tundu hushusha bei. Kwetu reale hazikutobolewa ovyo, zilitobolewa zitiwe uzi zivaliwe. Tazama daftari kama baba ameiandika ilikotoka. Ikiwa hakuiandika, keti na mama jioni moja, kopo likiwa katikati yenu, umwulize ilikuwa shingoni mwa nani. Uniandikie alichosema, hata kama safari utakuwa umeshakwenda na kurudi.

Wako,
Bi Mshauri